Fungua ya Unguja, Fungua ya Bungoma

Nimestaafu. Nani huyo anacheka? Najua nyote mnacheka, na wewe Ahlam kuliko wote, maana wewe ndiye unayekuja kukalia kiti changu na bado hujui kwamba kina mguu mmoja mfupi. Wengine hustaafu wakiwa na mvi na miwani. Mie nimestaafu nikiwa na chunusi na mtihani wa hisabati. Nimestaafu kwa mujibu wa sheria, na sheria yenyewe ni mama yangu, aliyesema mwaka huu ni wa mwisho wa skuli na hataki tena kuniona na grisi kwenye kucha. Sikufanyiwa sherehe wala sikupewa saa ya ukutani. Nimepata kalamu ya kuandikia haya, na hiyo pia nimeichukua mwenyewe kwenye droo la Ami.

Habari za vyeo sitaziandika. Niliingia kazini naitwa Zuwena, nimetoka naitwa Zuwena. Mshahara wangu ulikuwa shawarma, na kuna siku ilikuja bila achari. Basi, hayo yamekwisha, twende kwenye kazi.

Duka ni la Ami Seif, ndugu yake baba, na liko pale pale sanaya ya Mabela, hapa Maskati, kwenye magereji, katikati ya muuza matairi na mtu wa kuchomelea mageti. Ami alikuwa wakala wa kiwanda kimoja cha China kinachotengeneza pikipiki na injini. Ukisikia "wakala" unaweza kufikiria vioo, zulia na kijana mwenye tai. Toa hayo kichwani. Kulikuwa na lango la bati la kuvuta, feni, kandishan ya kupoza hewa inayodondosha maji ndani ya ndoo, na pikipiki tatu mbele zilizofutwa vumbi kila asubuhi na kurudiwa na vumbi kila adhuhuri. Pikipiki hazikuwa zikinunuliwa sana. Maskati nzima kila mtu anataka gari, na asiye na gari anataka lifti. Wanunuzi wetu walikuwa ni wenye mikahawa wanaopeleka chakula majumbani, na baba waliochoshwa na watoto wao wanaotaka kucheza kwenye mchanga. Kilichotulisha ni injini: za pampu za mashambani, za jenereta za wauza mishkaki, za mashine ambazo hata wenyewe walikuwa hawajui zinaitwaje.

Nembo ya kiwanda ilikuwa ndege. Wenyewe walisema ni korongo, ndege wa heshima kubwa huko kwao. Bibi yangu aliitazama siku ya kwanza, akasogeza miwani, akasema, "Jogoo huyo. Tena kalishwa vibaya." Tangu hapo injini zote ziliitwa Jogoo. Wateja wakiingia wanasema, "Mnayo Jogoo ndogo?" na sisi tunawaletea, na korongo wa watu kanyamaza kwenye tangi.

Niliajiriwa kwa sababu ya faksi. Zilikuwa zinakuja kutoka kiwandani kwa Kiingereza, na Ami Kiingereza chake kilikuwa cha kusalimiana tu, baada ya "habari yako" kinakatika. Siku moja nilikwenda kumpelekea chakula, nikamkuta ameishika faksi juu chini anaitazama kama mtu anayetazama picha ya eksirei. Nikamsomea. Nikajibu. Wiki iliyofuata faksi ikaja: "Kwa Mheshimiwa Bwana Zuwena." Ami akasema, "Ushakuwa bwana, sasa huna budi uje kazini."

Lakini binti wa skuli kukaa dukani sanaya peke yake na mafundi, hilo baba alilikataa. Bibi akalimaliza kwa sentensi moja: "Nna miguu, nna masikio, na nyumbani nnachoka kutazama ukuta. Ntakwenda naye." Basi kila Alkhamisi, ambayo hakuna skuli, na kila likizo, na alasiri nyingine baada ya skuli, tulikuwa tunafika dukani wawili: mie na mkoba, Bibi na chupa ya kahawa. Alikuwa anakaa kwenye kona chini ya kandishan, anamchoma kwa maneno kila mtu anayeingia. Wateja wengine, mie naamini, walikuwa hawaji kununua injini. Walikuja kutukanwa.

Siku yangu ya kwanza ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya Fundi Wafula pia, na kama kuna kitu nakuomba ukisome mara mbili, Ahlam, ni hiki.

Fundi Wafula ni Mkenya wa Bungoma, mtu wa kanisani Ijumaa, maana hapa Jumapili ni siku ya kazi, mrefu, mpole, anayeongea na nati kama anavyoongea na watu. Alikuwa ametoka kwenye gereji nyingine iliyofungwa. Ami alimpenda mara moja kwa sababu ni mtu wa Kiswahili, na sisi ni Waarabu tuliorudi kutoka Unguja, nyumbani ni Kiswahili tu. "Alhamdulillahi," alisema, "sasa hapa ndani hakuna haja ya mkalimani." Hakuwahi kukosea namna hiyo maisha yake.

Fundi akaweka sanduku lake la spana chini, akamwona Bibi kwenye kona, akainama kwa adabu, kisha akamuuliza Ami kwa sauti ya chini:

"Mzee, na huyu mama ni nani?"

"Huyo? Bibi."

"Bibi yako?"

"Bibi yetu sote hapa."

Fundi akamtazama Ami. Akamtazama Bibi. Akanitazama na mimi. "Nyinyi wote?"

"Sote. Na wewe ukikaa sana atakuwa bibi yako."

Spana ikamponyoka ikaangukia kidole cha mguu. Ikabidi niingilie kati. Nilikuwa na rafiki Mkenya skuli, nikajua kwamba kwao bibi ni mke. Nilipoeleza, Ami aliona aibu mpaka akatoka nje kwenda kukagua matairi ya jirani. Bibi alicheka hadi kahawa ikamtoka puani. Akamwambia Fundi, "Haya, mume wangu, kafanye kazi, nyumba haina unga." Jina likabaki. Mpaka leo anamwita mume wangu. Fundi naye kwanza alijaribu kumwita Nyanya, Bibi akasema yeye si tungule ya kutiwa kwenye mchuzi. Mwisho akamwita Kukhu, kama wanavyowaita mabibi huko kwao, na hiyo ikakubaliwa kwa sababu ina kha nzuri ya kukwaruza koo.

Hapo ndipo kazi yangu ilipojulikana. Faksi zilikuwa kisingizio. Kazi yangu khasa ilikuwa kutafsiri Kiswahili kwa Kiswahili.

Unadhani natania? Wiki ile ile Fundi alitoka nyuma anafuta mikono, akasema, "Mzee, stima imepotea." Na sisi tulikuwa na mzigo wa injini uko baharini unatoka China. Ami uso ukamwiva, akarukia simu kupiga bandarini. "Imepotea wapi? Nani kasema? Na mabaharia?" Fundi kasimama na kitambaa, hajui kwa nini umeme ukikatika Waarabu wanawauliza mabaharia. Nikamwambia Ami kwamba kwao stima ni umeme, nikamwambia Fundi kwamba kwetu stima ni meli, na wote wawili wakanitazama kwa lawama kama mie ndiye niliyezitia jina.

Wa kunifundisha kazi nilikuwa nao wawili. Bibi alinifundisha watu. Fundi alinifundisha injini, na alinifundisha kwa masikio. Kitabu cha maelekezo kilikuwepo, lakini kilikuwa kimetoka kwenye Kichina, kikapita kwenye Kiingereza, kikafika kwetu kimechoka. Ukurasa wa kwanza ulisema injini mpya asikimbizwe kwa sababu bado ana haya. Ukurasa mwingine ulisema oili ikiwa nyeusi mmiliki ajisikitikie. Sio vibaya, lakini huwezi kukazia nati kwa maneno hayo.

Njia ya Fundi ni hii. Mteja akija, usimuulize tatizo, maana atakwambia alilosikia kwa jirani yake. Mwambie aigize sauti. "Ilikuwa inalia vipi kabla haijakataa?" Hapo utaona maajabu. Alikuja bwana mmoja kutoka Azaiba, mwenye jenereta ya mishkaki, dishdasha imenyooka, kofia ya thamani, mtu mzito. Fundi akamwambia, nami nikalitia kwa Kiarabu, "Tafadhali lia kama injini." Bwana akatazama kulia, akatazama kushoto, akavuta pumzi: "Tutu-tutu-tutu-tu... pwaa. Tu. Pwaa." Fundi akafumba macho. "Rudia hiyo ya mwisho." "Pwaa." "Kabureta, takataka imeingia." Akafungua, akapuliza, ikawaka. Mzee mwingine wa Bustan alikataa katakata kulia mbele za watu, akamsukuma mwanawe mbele, na mwanawe akalia vizuri sana. Yule ana kipaji. Kwa hiyo Ahlam, pwaa ni kabureta; tik-tik kavu ni plagi; kimya kabisa ni petroli hamna na mteja hataki kukiri.

Vyombo vyenyewe utavikuta ukutani, na kila kimoja kina alama yake iliyochorwa. Spana namba kumi ina tabia ya kutoroka. Mimi siku zote nilikuwa naikuta kwenye sahani ya Bibi ya tende, anaifanya kijiti cha kuvunjia sukari. Bisibisi lenye mpini mwekundu usiliguse. La Fundi. Aliligusa Ami mara moja tu.

Sasa nifike kwenye ile siku.

Kiwanda kilituletea faksi kwamba mtu wao anakuja Maskati, jina lake Bwana Lin, yule yule aliyekuwa ananiandikia "Mheshimiwa Bwana". Na faksi haikuficha: anakuja kuchagua. Kulikuwa na tajiri mmoja Ruwi, ana ukumbi wa vioo na sakafu inayoteleza, naye anautaka uwakala. Bwana Lin atatazama kwake, atatazama kwetu, mmoja ataondoka na Jogoo na mwingine atabaki na manyoya. Ami alipomaliza kusikiliza akasema, "Wakiuchukua, nafunga duka. Mie sijui kuuza matairi." Fundi akasikia na yeye. Nilijua alichokuwa akikiwaza: ile gereji yake ya kwanza ilifungwa namna hii hii, na alikuwa na watoto watatu Bungoma wanaosoma kwa mikono yake.

Basi tulisafisha. Tulisafisha mpaka mtu wa matairi akaja kuuliza kama tunahama. Bibi alitandika meza ya mbele sufra yake nyeupe, ile ya kutoka Unguja yenye maua ya kudarizi ambayo hata harusi ya shangazi haikutandikwa, akapanga halwa, tende na vikombe vya kahawa. Na pale pale mbele ya meza tukaweka pikipiki mpya, aina ambayo ndiyo kwanza imefika, tangi jekundu, hata vipuri vyake bado. Mpango wa Ami ulikuwa mzuri: mgeni akitia mguu tu dukani, aikute injini yake inaunguruma kumpokea.

Tukaenda kiwanja cha ndege Seeb, Ami, mie na kibao cha jina, na Bibi, maana sharti ni sharti. Fundi alibaki dukani.

Bwana Lin alitoka na sanduku dogo na shati la mikono mifupi, kijana kuliko nilivyodhani, macho mekundu ya safari. Akakiona kibao, akampa Ami mkono, "Bwana Zuwena!" Ami akaninyooshea kidole. Mgeni akaniangalia, akaiangalia baibui yangu, akaangalia nyuma yangu kama Bwana Zuwena labda amejificha. Halafu akasema kwa Kiingereza, taratibu, "Faksi zako zina vichekesho. Kiwandani tunazibandika ukutani." Mnaona? Nina wasomaji China.

Ami akataka kumpitisha mgeni Bustan kwanza, aone milima na bahari, huku nyuma Fundi apate muda. Nilikuwa kiti cha nyuma namweleza Bwana Lin kwamba ule mlima hauna miti kwa sababu hatujaipanda, si kwa sababu tumeikata. Kwa hiyo Ami aliposimamisha gari kando na kupiga simu dukani, mie sikumsikiliza. Bibi ndiye aliyemsikia, na yeye hakuona kosa lolote, kwa sababu kwa masikio yetu halikuwepo. Ami alisema hivi:

"Fundi, ile pikipiki nyekundu, ifungue injini. Nataka tukifika mgeni aikute ishafunguliwa. Umefahamu?"

"Nimeelewa mzee."

"Vizuri vizuri!"

"Vizuri kabisa, mzee, usiwe na wasiwasi."

Sasa niambie, kwetu tunafungua nini? Tunafungua taa. Tunafungua redio. Bibi kila siku, "Zuwena, nifungulie kandishan." Kila chenye swichi kinafunguliwa. Bungoma hivyo vyote vinawashwa. Na fundi wa injini, ukimwambia fungua, anachukua spana.

Tukafika. Ami akamfungulia mgeni mlango wa gari, akanyoosha mkono kama mwenye hoteli, tukaingia. Kimya. Hakuna kuunguruma. Pikipiki nyekundu imesimama na kitundu katikati yake kama mtu aliyeng'olewa meno. Na juu ya sufra nyeupe ya Bibi, kwenye maua ya kudarizi, injini yote imelazwa: kichwa cha silinda, silinda, pistoni, ringi, vali, nati kubwa kwa ndogo, kila kimoja kimefutwa kinang'aa, vimepangwa safu safu vizuri vizuri kama alivyoahidi. Pistoni iko baina ya halwa na tende. Fundi Wafula kasimama pembeni na ovaroli safi, anatabasamu.

"Karibuni," akasema.

Ami rangi ilimtoka. "Fundi. Nini hii?"

"Nimefungua, mzee."

"Mie nilikwambia uifungue!"

"Na nimeifungua."

"Sio kuifungua hivi! Kuifungua!"

"Mzee, sasa kuna kufungua kuliko huku? Imebaki tu kuikata na msumeno."

Waliendelea hivyo, neno moja linakwenda linarudi, kila mmoja anamwona mwenzake amerukwa na akili. Bibi alikuwa anaitazama sufra yake. Mgeni alikuwa hatazami kitu kingine ila pistoni, uso hausemi lolote. Akanigeukia: "Wanasema nini?"

Ami akaning'ata sikio: "Mwambie ni ada yetu. Mwambie mgeni wa heshima tunamfungulia injini mpaka ndani."

Uongo mzuri sana. Hata mie niliyeanza kusema uongo nikiwa chekechea niliuvulia kofia. Nikafungua mdomo, nikagundua sijui "ada" kwa Kiingereza. Nikaitafuta, haipo. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitufundisha ada ya skuli tu. Basi kwa upungufu wa msamiati nikasema kweli: kwamba sisi na fundi wetu tunasema lugha moja, ila kwetu neno la kuipa injini uhai na kwao neno la kuitoa vipande ni lile lile, na hawa wawili hivi sasa wanagombana kwa kukubaliana.

Bwana Lin akalisikiliza lote mpaka mwisho. Kisha akaenda kwenye ukuta, akabonyeza swichi ya taa. "Kai," akasema. Akaenda kwenye mlango wa stoo, akaufungua. "Kai." Akakamata usukani wa hewa, akaendesha gari lisilokuwepo. "Kai." Akarudi kwenye sufra, akanyooshea kidole vipande, akatikisa kichwa, akatoa neno jingine kabisa. Nikafahamu. Kwao nako taa hufunguliwa, na gari pia, neno moja. Ila kutoa vipande kuna neno lake.

Nikawaambia. Ami aliruka. "Umeona, Fundi? Mchina mwenyewe, mwenye injini, anasema hukufungua!"

"Basi zungumzeni Kichina, mimi nirudi kwetu," Fundi akasema. Sauti yake haikuwa ya utani. Alikuwa anaitazama pikipiki na nilimwona anahesabu moyoni. Akapiga magoti, akaanza kukusanya nati.

Na Bwana Lin akavua saa yake, akaiweka kwenye kiganja cha Bibi bila kuuliza, akapiga magoti upande wa pili wa meza.

Hawakuwa na hata neno moja la pamoja, na hawakunihitaji. Bwana Lin akishika vali anasema, "Tik-tik?" Fundi anatikisa kichwa, "Aa-aa. Tu-tu-tu." Mgeni anacheka, anakaza. Kumbe kule kiwandani nako mafundi wanalia kama injini. Mie nilikaa chini kwenye kiti changu cha mguu mfupi, mkalimani asiye na kazi, nikala tende.

Walipofika kwenye pistoni, wakasimama. Kuna kiringi kidogo cha waya, si kikubwa kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kinachoizuia pini ya pistoni isitoke. Viko viwili. Kilikuwepo kimoja. Bila cha pili pini itachomoka na kuikwangua silinda, na kipuri cha aina ile kilikuwa bado kiko kwenye stima, ya kwetu, siyo ya Fundi. Tukatafuta. Tukakung'uta ovaroli, tukafagia, tukamulika chini ya kandishan. Nje gari la yule tajiri wa Ruwi lishafika kumchukua mgeni, dereva anapiga honi. Ami ameshika kichwa. Fundi hatazami mtu.

Bibi, ambaye wasiwasi humtia njaa, alikuwa amejichotea halwa. Ghafla akasema, "Mume wangu, njoo."

"Kukhu, sasa hivi hapana."

"Njoo, nakwambia! Nna chuma mdomoni!"

Akakitoa kwenye meno ya bandia, kimeng'aa, kina kipande cha lozi. Fundi akakipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto. Mgeni akakiosha kwa petroli, akakinusa, akasema kitu kwa Kichina ambacho mpaka leo naamini ni pongezi kwa halwa.

Wakakaza nati ya mwisho. Fundi akasimama, akanyoosha mgongo, akatangaza kwa fahari: "Haya mzee. Imefungwa!"

"Usiifunge!" Ami akapiga kelele. "Mgeni hajaisikia bado!"

Safari hii hata Fundi alicheka, mpaka akaegemea ukuta. Kisha akamwachia mgeni apige kiki. Mara ya kwanza hapana. Mara ya pili hapana. Mara ya tatu Jogoo akawika, tutu-tutu-tutu, hana pwaa hata moja, na dukani pakajaa moshi na sauti, na Bibi akapiga kigelegele ambacho dereva wa Ruwi, mie nina hakika, alidhani tunaozesha. Ami alikuwa analia. Alisema ni moshi.

Bwana Lin alikwenda Ruwi hali mikono yake myeusi mpaka kwenye viwiko. Alipokuwa akiingia garini alimwambia Ami kitu kimoja, nikakitafsiri: kwenye nchi nyingi alizopita kwa kazi yake, mawakala walimwonyesha pikipiki inayong'aa, na hakuna aliyewahi kuthubutu kumpangia ndani yake mezani pamoja na chakula. Ami akajibu, "Mwambie ahsante." Hakutaka tena kuelezea.

Faksi ilichelewa. Siku hizo Ami alikuwa anaitazama mashine kama mtu anayesubiri mtoto azaliwe, na kila ikilia ni tangazo la mazulia. Ilipokuja, nilimsomea nimesimama. Pikipiki amepewa tajiri wa Ruwi, kwa sababu ya vioo. Injini zote zimebaki kwetu. Na pikipiki yoyote ya kiwanda itakayouzwa Oman na yeyote, ikiharibika, italetwa kwa Fundi Wafula, Mabela, kwa jina lake. Ami akaanza kununa kwa ajili ya pikipiki. Bibi akamuuliza, "Kwani ulikuwa unaziuza?" Akaacha kununa. Fundi aliniomba nimsomee pale penye jina lake, kisha akaniomba nimsomee tena. Halafu akarudi nyuma, na tukasikia anaimba nyimbo zake za kanisani na spana zinamwitikia.

Toka siku ile duka likawa na kanuni, nayo nakurithisha, Ahlam, maana ndiyo kazi yenyewe. Ami akisema "fungua", Fundi hagusi kitu mpaka aulize, "Ya Unguja au ya Bungoma?" Na wewe kaa baina yao. Usichoke. Usione ni mchezo kwa sababu wote wawili wanasema Kiswahili. Ndipo mtu anapohitajika. Na Fundi bado anampigia Bwana Lin simu mara moja moja. Mwenyewe akipokea haulizi hali, anasema "Kai!" tu, na Fundi anamjibu kwa tutu-tutu, wanazungumza hivyo muda mrefu na bili inamjia Ami.

Jana ndiyo ilikuwa siku yangu ya mwisho. Fundi alinikabidhi kiringi kimoja kidogo cha waya ndani ya kibiriti. Si kile, kile kiko ndani ya pikipiki nyekundu, Mungu aibariki popote ilipo. Ndugu yake. Bibi alijifunga ushungi, akachukua chupa yake ya kahawa, akatoka nje kwenye jua la alasiri. Yeye atarudi kesho na wewe, sharti ni lile lile. Akaniambia, "Haya Zuwena, funga twende."

Nikashika lango la bati. Sijui kwa nini likawa zito. Fundi aliyekuwa ananawa mikono kwenye ndoo ya kandishan akanitazama, akauliza, hacheki:

"Ya Unguja ama ya Bungoma?"

Ya Unguja ni kuzima. Ya Bungoma, kila nati imerudi mahali pake na kilichobaki ni kupiga kiki.

"Ya Bungoma," nikamwambia, na nikavuta.